Usimulizi wa hadithi fupi kwa sauti ya akili bandia

Usimulizi wa hadithi fupi kwa sauti ya akili bandia ni utaratibu wa kugeuza hadithi iliyoandikwa kuwa rekodi ya kusikiliza kwa kutumia programu ya kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti inayofanana na ya binadamu. Akili bandia huitwa pia *akili mnemba* au *akili unde*. Teknolojia yenyewe ya kugeuza maandishi kuwa sauti huitwa usanisi wa usemi.

Kitabu cha sauti cha kawaida husomwa na mtu mbele ya kinasa sauti. Katika utaratibu huu kazi ya kusoma hufanywa na mashine, na kazi ya binadamu huwa ni kuandaa matini, kuchagua sauti, kusikiliza na kusahihisha. Njia hii hupunguza gharama na muda, lakini huleta maswali kuhusu ubora wa matamshi, haki za waandishi na wasimulizi, na nafasi ya lugha ndogo. Maswali hayo yanaonekana vizuri mahali kama Morogoro na milima ya Uluguru nchini Tanzania, ambako Kiswahili hutumika pamoja na Kiluguru na hadithi nyingi bado zimo vinywani mwa wazee kuliko vitabuni.

## Historia

Majaribio ya kutengeneza mashine inayosema ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1791 Wolfgang von Kempelen, mzaliwa wa mji unaoitwa leo Bratislava, alichapisha kitabu kilichoeleza mashine yake iliyotumia mivukuto kutoa sauti za maneno. Mwaka 1939 maabara za Bell za Marekani zilionyesha kwa umma mashine ya umeme iliyoitwa Voder, iliyochezwa kwa vidole kama kinanda. Mwaka 1961 kompyuta ya kampuni ya IBM iliimbishwa wimbo katika maabara hizohizo.

Katika miaka ya 1980 kazi ya mtaalamu Dennis Klatt ilizaa mfumo wa DECtalk. Sauti ya aina hiyo, yenye mlio wa roboti, ilijulikana duniani kupitia mwanafizikia Stephen Hawking, aliyeitumia baada ya kupoteza uwezo wa kusema. Baadaye ilitumika njia ya kuunganisha vipande vidogo vya sauti ya mtu halisi vilivyorekodiwa studioni. Matamshi yalieleweka, lakini viungo baina ya vipande vilisikika.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2016 kampuni ya DeepMind ilipotangaza WaveNet, mfumo wa mitandao ya neva bandia unaounda mawimbi ya sauti wenyewe badala ya kuunganisha vipande. Mwaka 2017 Google ilitoa Tacotron, na mwaka 2021 ukaja mfumo wa VITS, ambao umekuwa msingi wa sauti nyingi za lugha zisizo na rekodi nyingi. Mnamo Januari 2023 kampuni ya Apple ilianza kuuza katika duka lake vitabu vya Kiingereza vilivyosomwa kwa sauti za kompyuta. Tangu hapo njia hii imekuwa sehemu ya biashara ya vitabu.

## Jinsi inavyofanya kazi

Mifumo mingi ya sasa hupitia hatua tatu.

Kwanza ni kusafisha matini. Programu hubadilisha tarakimu, vifupisho na alama kuwa maneno. "Sh. 5,000" inapaswa kuwa "shilingi elfu tano", na "n.k." iwe "na kadhalika".

Pili ni kukadiria sauti. Mtandao wa neva, uliofunzwa kwa saa nyingi za rekodi pamoja na maandishi yake, hukadiria kila herufi itamkwe kwa urefu gani, kwa kiwango gani cha juu au chini, na mapumziko yawe wapi.

Tatu ni kuunda mawimbi. Makadirio hayo hugeuzwa kuwa sauti inayoweza kusikika na kuhifadhiwa katika faili.

Mashine haielewi hadithi kama mtu anavyoielewa. Hutoa usomaji unaofanana na ule iliowahi kuusikia katika mafunzo. Ikiwa ilifunzwa kwa rekodi za taarifa ya habari, husoma hadithi ya mapenzi au ya kuchekesha kama taarifa ya habari.

## Sauti za Kiswahili

Kiswahili kilipata usanisi wa usemi mapema kuliko lugha nyingi za Afrika. Mwaka 2005 watafiti wa Kenya na Uingereza, wakiwemo Mucemi Gakuru na Frederick Iraki, waliwasilisha mfumo wa Kiswahili uliojengwa juu ya programu huria ya Festival. Programu nyingine huria, eSpeak, ina Kiswahili pia. Mrithi wake eSpeak NG hutumika ndani ya NVDA, kisoma-skrini cha bure kinachotumiwa na watu wasioona. Sauti yake ni kavu na ya kimashine, lakini ni nyepesi na haihitaji intaneti.

Kampuni ya Microsoft ina sauti nne za Kiswahili zinazotumia mitandao ya neva. Sauti za Kenya zinaitwa Zuri na Rafiki, na za Tanzania zinaitwa Rehema na Daudi. Mgawanyo huo una maana kwa hadithi, kwa kuwa mwendo wa usemi wa Nairobi na wa Morogoro haufanani. Piper, programu huria inayoweza kufanya kazi kwenye kompyuta ndogo bila intaneti, ina sauti iliyowekwa alama ya Kiswahili cha Kongo.

Mwezi Mei 2023 kampuni ya Meta ilitoa mradi wa MMS wenye sauti za lugha zaidi ya 1,100, Kiswahili kikiwa mojawapo. Sehemu kubwa ya mafunzo yake ilitokana na rekodi za usomaji wa Agano Jipya, kwa sababu ndicho kitabu kilichosomwa na kurekodiwa katika lugha nyingi kuliko vingine. Kwa hiyo sauti hizo huwa na mwendo wa msomaji wa maandiko. Leseni yake hairuhusu matumizi ya biashara, hivyo anayetaka kuuza hadithi za sauti hawezi kuitumia.

Mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, unaokusanya sauti za watu wa kujitolea, ulipata mwaka 2021 msaada wa dola za Marekani milioni 3.4 kwa ajili ya Kiswahili. Lengo lake kuu ni kuiwezesha kompyuta kutambua usemi, kazi iliyo kinyume cha usanisi, ingawa rekodi za aina hii hutumika pia katika utafiti wa sauti.

## Matatizo ya matamshi

Tahajia ya Kiswahili ni rafiki kwa mashine. Irabu ni tano, kila herufi hutamkwa, na mkazo kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hata hivyo kuna mahali ambapo mashine hukosea:

* Mkazo usio wa kawaida. *Barabara* yenye maana ya njia huwekwa mkazo kwenye silabi ya tatu, lakini *barabara* yenye maana ya sawasawa huwekwa kwenye silabi ya pili. Maandishi hayaonyeshi tofauti hiyo.
* M ya silabi. *Mbuni* ni ndege mkubwa, na pia ni mti uzaao buni. Katika neno la pili m husimama peke yake kama silabi. Katika hadithi ya shamba la kahawa kosa hilo humgeuza mti kuwa ndege.
* Ng na ng'. *Ng'oa* na *ng'ombe* huhitaji alama ya ritifaa. Simu na kompyuta huandika alama hiyo kwa maumbo tofauti, na baadhi ya programu hutambua umbo moja tu.
* Swali lisilo na neno la kuuliza. "Mama amerudi." na "Mama amerudi?" hutofautiana kwa kiimbo tu.
* Saa. "Saa 11:30 alfajiri" isomwe "saa kumi na moja na nusu alfajiri". Programu iliyojengwa kwa mazoea ya Kiingereza inaweza kuisoma kama namba mbili.
* Vifupisho. SUA, kifupi cha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoko Morogoro, husomwa na wenyeji kama neno moja, *sua*. SGR husomwa herufi moja moja. Mashine haina njia ya kujua hilo isipoambiwa.

## Morogoro na Uluguru

Mji wa Morogoro uko takriban kilomita 200 magharibi mwa Dar es Salaam, chini ya milima ya Uluguru. Milima hiyo ni sehemu ya Tao la Mashariki, na kilele chake cha Kimhandu kinazidi mita 2,600. Kilele cha Bondwa, kinachoonekana kutoka mjini, kina minara ya mawasiliano. Wenyeji wa milima ni Waluguru, ambao kwa desturi hufuata ukoo wa mama. Lugha yao, Kiluguru, ni ya Kibantu na imepewa namba G35 katika uainishaji wa Guthrie. Mwanaisimu Daniel Mkude aliandika tasnifu kuhusu sintaksia yake katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1974.

Hadithi inayotokea katika eneo hili huleta changamoto tatu kwa sauti ya akili bandia.

Ya kwanza ni majina ya mahali. Mgeta, Matombo, Kinole na Mkuyuni hufuata tahajia ya Kiswahili na kwa kawaida hayasumbui. Lakini Tchenzema linaanza kwa *tch*, mfuatano usio wa kawaida katika Kiswahili. Mashine iliyofunzwa kwa Kiswahili pekee hulazimika kubahatisha.

Ya pili ni mazungumzo ya Kiluguru ndani ya hadithi ya Kiswahili. Waandishi wengi huwaacha wahusika wazee waseme sentensi moja moja kwa lugha yao. Sauti ya Kiswahili ikikutana na sentensi hiyo huisoma kwa kanuni za Kiswahili bila kusita. Msikilizaji asiyejua Kiluguru hatambui kosa. Anayekijua husikia lugha ya bibi yake ikitamkwa na mgeni, na kosa likirudiwa katika maelfu ya nakala linaweza kuchukuliwa na vijana kuwa ndiyo matamshi sahihi.

Ya tatu ni umbo la utambaji. Katika fasihi simulizi ya Afrika Mashariki hadithi si kazi ya mtu mmoja. Mtambaji hutoa mwito wa kufungulia, hadhira huitikia, na katikati ya ngano kuna nyimbo fupi zinazoimbwa na wote. Mtambaji hubadilisha sauti kwa ajili ya sungura na fisi, hunyamaza kwa makusudi, na hurefusha au kufupisha akiwaangalia watoto usoni. Rekodi ya mashine haisubiri jibu, na wimbo husomwa kama sentensi ya kawaida. Rekodi ya binadamu nayo haisubiri jibu, lakini inaweza kurekodiwa mbele ya hadhira halisi, na sauti za wanaoitikia zikabaki ndani yake.

Kwa sababu hizo, hadithi fupi iliyoandikwa na mwandishi mmoja kwa ajili ya kusomwa huhamia kwa urahisi zaidi kwenye sauti ya mashine kuliko ngano ya jadi.

## Hatua za kutengeneza

Utaratibu wa kawaida wa kutengeneza hadithi ya sauti ni huu:

1. Kupata ruhusa ya mwandishi au mwenye haki, kwa maandishi, ikitaja wazi kwamba sauti itakuwa ya kompyuta.
2. Kuandaa nakala ya kusomwa. Nakala hii si ile ya kuchapishwa. Sentensi "Mzee alishuka Mgeta saa 11:30 alfajiri na gunia la kg 60" huandikwa upya: "Mzee alishuka Mgeta saa kumi na moja na nusu alfajiri na gunia la kilo sitini."
3. Kutengeneza orodha ya matamshi. Majina magumu huandikwa pamoja na jinsi ya kuyatamka, baada ya kumuuliza mwenyeji.
4. Kuchagua sauti na kuijaribu kwa aya yenye mazungumzo, kwa kuwa aya ya maelezo peke yake huficha udhaifu.
5. Kugawa matini katika vipande vya aya moja au mbili, ili kosa moja lisilazimishe kurudia hadithi nzima.
6. Kuweka mapumziko na kasi. Mifumo mingi hukubali lugha ya alama ya SSML, iliyoidhinishwa na shirika la W3C mwaka 2004, ambayo huonyesha mahali pa kutua, kupunguza kasi au kukaza neno.
7. Kusikiliza yote huku ukifuata maandishi. Mitandao ya neva wakati mwingine huruka neno au kulirudia, na kosa hilo halionekani bila kusikiliza.
8. Kuunganisha na kuhifadhi kwa programu ya kuhariri sauti kama Audacity, ambayo ni ya bure.
9. Kutaja mwanzoni mwa rekodi jina la mwandishi na kwamba msomaji ni sauti ya kompyuta.

Ukubwa wa faili una uzito wake mahali ambapo watu hununua intaneti kwa vifurushi vidogo. Kwa kasi ya maneno 120 kwa dakika, hadithi ya maneno 2,400 huchukua dakika 20. Ikihifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde huwa na ukubwa wa megabaiti 9.6, na kwa kilobiti 32 huwa megabaiti 4.8. Kwa sauti ya mtu mmoja isiyo na muziki, kiwango cha pili kinaeleweka vya kutosha.

## Matumizi

Wanufaika wa kwanza ni watu wasioona na wenye shida ya kusoma maandishi. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unaruhusu kutengeneza nakala za vitabu zinazoweza kutumiwa na watu hao bila kuhitaji kibali cha kila mwenye haki, mradi masharti yafuatwe. Kwa matumizi hayo sauti ya mashine ina faida kubwa, kwa kuwa kitabu kisicho na msomaji wa kujitolea kinaweza kupatikana siku hiyohiyo.

Matumizi mengine ni darasani, ambapo mwanafunzi anaweza kusikiliza huku akifuata maandishi, na safarini. Tangu Juni 2024 treni za abiria za reli ya kisasa hufika Morogoro kutoka Dar es Salaam kwa takriban saa mbili, muda unaotosha hadithi fupi kadhaa. Simulizi za sauti zilikuwa tayari zinapendwa kabla ya akili bandia. Vizazi vya Watanzania vilisikiliza hadithi redioni, na leo wasimulizi wengi hutoa kazi zao kupitia YouTube na makundi ya WhatsApp.

Chanzo kimoja cha hadithi zisizo na kikwazo cha ruhusa ni African Storybook, mradi ulioanzishwa mwaka 2014 na asasi ya Saide ya Afrika Kusini. Una hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, chini ya leseni huria.

## Haki na sheria

Tanzania hutumia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Kazi ya fasihi hulindwa katika maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kugeuza hadithi kuwa rekodi ya sauti na kuisambaza kunahitaji kibali chake, hata kama msomaji ni mashine na hata kama rekodi inatolewa bure.

Sheria hiyo ina pia sehemu inayolinda sanaa za jadi, zikiwemo ngano. Kuzitumia kwa kupata faida nje ya mazingira yake ya asili kunahitaji idhini. Kwa hiyo ngano iliyosikika kwa mzee wa Kinole haiwi mali ya yeyote aliyeiandika kwanza kwenye simu yake.

Suala jingine ni kuiga sauti. Mnamo Januari 2023 Microsoft ilieleza mfumo wa VALL-E, unaoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikia sekunde tatu tu. Mwaka 2021 msomaji wa sauti kutoka Kanada, Bev Standing, aliishtaki TikTok akidai kwamba rekodi zake zilitumika kuunda sauti ya programu hiyo bila ridhaa yake, na kesi iliisha kwa mapatano mwaka huohuo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali analolifahamu. Mzee aliyekubali kurekodiwa akisimulia hajakubali kwa tendo hilo sauti yake isimulie hadithi nyingine ambazo hakuwahi kuzisema. Hayo ni makubaliano mawili tofauti.

## Ukosoaji

Wanaopinga matumizi haya hutaja kwanza kipato cha wasimulizi. Mtu anayelipwa kwa kila hadithi hushindana na mashine isiyolipwa, wakati mashine hiyo imefunzwa kwa sauti za watu kama yeye. Pili, hutaja usomaji wa namna moja: sauti zilezile chache zinaweza kusoma hadithi za Tanga, Unguja, Songea na Uluguru, na lafudhi za watu zikafutika katika rekodi.

Wanaounga mkono hujibu kwamba hadithi nyingi fupi za Kiswahili hazingepata msomaji wa kulipwa kabisa, kwa kuwa soko ni dogo, hivyo mashine huziba pengo lililokuwepo. Majibu haya mawili hayapingani kila mahali. Kwa mkusanyiko wa zamani uliokaa kabatini au kitabu kinachohitajiwa na mwanafunzi asiyeona, kinachoshindana na sauti ya mashine ni ukimya. Kwa hadithi ya mwandishi mwenye wasikilizaji, kinachoshindana nayo ni kazi ya mtu.

Kuhusu simulizi za jadi, utaratibu unaokubalika katika uhifadhi wa fasihi simulizi huanza na kumrekodi mtambaji mwenyewe kwa ridhaa yake, pamoja na hadhira yake, kisha kuandika maneno yake kwa lugha yake, na baadaye kutafsiri. Sauti ya mashine inaweza kusoma tafsiri wakati wowote ujao, na huenda ikazidi kuwa bora kila mwaka. Rekodi ya mtambaji inawezekana tu akiwa hai.